Mvua Haina Hatia

Kila mwaka masika yanapokuja husikika mashtaka yale yale. Mvua imetoboa paa. Mvua imebomoa ukuta. Mvua imeozesha mahindi ghalani na kulowesha vitabu vya watoto. Mshtakiwa ni mmoja, na kwa kuwa hana ulimi wa kujitetea, hukumu hutolewa upesi: mvua ina hatia. Mimi nasema mvua haina hatia. Naleta shauri hili mbele yako, kijana msomaji, kwa sababu kesho nyumba za nchi hii zitakuwa mikononi mwako, na kwa sababu leo nyingi katika hizo zinaharibika mbele ya macho yako.

Nyumba haiharibiwi na masika. Nyumba huharibiwa wakati wa kiangazi, katika siku zile za jua na utulivu ambazo mwenyewe alikuwa na nafasi, ngazi na nyundo, asifanye lolote. Mvua hufika baadaye, ikafichua tu kazi iliyoachwa.

Tazama paa la mabati, ambalo ndilo paa la nyumba nyingi za Kenya. Jua la mchana hulipasha bati moto likatanuka. Baridi ya usiku hulipoza likanywea. Hivyo ndivyo lifanyavyo kila siku, mwezi baada ya mwezi, na msumari hulegea kidogo kidogo, na mpira uliowekwa chini ya kichwa cha msumari hukauka na kupasuka. Tundu linalobaki halizidi punje ya mtama. Kiangazi kizima halimdhuru mtu. Masika yakiingia, tone hupita katika tundu lile, likaifuata boriti na kuilowesha. Boriti yenye unyevu huoza, na mchwa huipenda. Baada ya miaka michache mwenye nyumba hanunui tena msumari. Hununua boriti, mabati na kazi ya fundi ya siku nzima nzima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeikariri hata imekuwa kama wimbo. Twaieleza vizuri katika mtihani, kisha twaenda kulala chini ya paa livujalo.

Pwani yetu ina miji miwili iwezayo kutufundisha jambo hili, Lamu na Gedi. Yote miwili ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mji wa kale wa Lamu unakaliwa na watu mpaka leo, na mwaka 2001 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Gedi nayo iliingizwa katika orodha hiyo mwaka 2024, lakini iliingia ikiwa magofu ndani ya msitu. Wataalamu wana maoni mbalimbali juu ya sababu zilizowaondoa watu wa Gedi, nami sidai kwamba walifukuzwa na paa bovu. Nasema hili tu: jiwe la Lamu si gumu kuliko jiwe la Gedi. Kilichopo Lamu na kisichokuwapo Gedi ni mkono wa mtu upakao chokaa, uzibao nyufa, na kung'oa mche uotao ukutani kabla mizizi yake haijapenya. Mkono huo ulipoondoka, mvua na mizizi vilimaliza kazi.

Wako watakaonijibu kwa hoja tatu. Nitazitaja zote, maana hakimu asiyesikiliza pande mbili si hakimu.

Hoja ya kwanza ni ya wale wasemao kwamba mvua za siku hizi ni kubwa mno. Mwaka 2024 masika yaliua watu zaidi ya 200 katika Kenya na kuwahamisha maelfu kwa maelfu. Siwezi kulidharau jambo hilo. Hakuna mtaro wa nyumbani uwezao kuzuia mto uliofurika, na mzazi aliyepoteza mwana kwa gharika hastahili kuhubiriwa habari za misumari. Palipojengwa mabondeni na palipozibwa njia za maji, mashtaka yapelekwe kwa wenye madaraka. Lakini maafa makubwa yasiwe pazia la kufichia uzembe mdogo. Maji yatuamayo kando ya msingi wa nyumba iliyo kilimani, mbali na kila mto, si gharika. Ni mtaro uliojaa takataka, na jembe moja kwa asubuhi moja lingalitosha kuuzibua. Maji hayo yakijaa katika makopo na vifuu vilivyotupwa uani, mbu hutaga humo, na yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa juma moja au mawili. Mtoto akiugua homa iletwayo na mbu, je, tutaishtaki mvua tena?

Hoja ya pili ni ya fedha, nayo ina nguvu. Mabati ni ghali, saruji ni ghali, na wengi hupata leo cha kula leo. Lakini umaskini ndio sababu ya kutunza, si sababu ya kuacha. Tajiri akipoteza paa huezeka jingine. Maskini akipoteza paa hupoteza pia ng'ombe aliyeuzwa ili paa lile linunuliwe, na karo ya mtoto aliyetegemea ng'ombe yule. Zaidi ya hayo, kazi nyingi za kuitunza nyumba hazitaki fedha bali zataka mikono: kuzoa majani katika mifereji ya paa, kukata tawi linalokwaruza bati, kuchimba mtaro, kukandika upya ukuta wa udongo ulioliwa na mvua, na kutoa makuti yaliyooza kabla hayajaozesha yaliyo mazima. Wa kulaumiwa kwa haki katika jambo la fedha ni mpangishaji, yule akumbukaye tarehe ya kodi kila mwezi na asahauye ngazi mwaka mzima. Huyo hana umaskini wa kumtetea.

Hoja ya tatu ni mbaya kuliko zote, kwa sababu haisemwi kwa sauti. Husemwa kimoyomoyo na vijana wasomao. Wao hudhani kwamba nyundo ni ya fundi, ufagio ni wa mama, mtungi wa maji ni wa dada, na kalamu peke yake ndiyo yao. Nakuuliza, ewe uliyefundishwa kutafuta eneo la mstatili: umepata kulipima paa la nyumba yenu? Chukua paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Eneo lake ni mita 60 za mraba. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huwa lita moja. Basi mvua ya milimita 20, ambayo si ajabu kwa alasiri moja ya masika, hulishushia paa hilo lita 1,200. Hiyo ni mitungi 60 ya lita 20. Hata ukimwaga maji ya kwanza, yaoshayo vumbi na kinyesi cha ndege, hubaki mitungi mingi. Mahali pasipo mfereji na pipa, maji hayo yote huanguka chini na kuuchimba msingi wa nyumba. Na kesho yake dada yako hubeba mtungi mmoja kutoka mtoni. Hesabu unaijua. Kinachokosekana ni kuitoa darasani ukaipeleke nyumbani. Elimu imwachayo dada chini ya mzigo ambao kaka ana akili ya kuupunguza ni elimu ya mtihani tu.

Nyumba huvuja paani, na huvuja jikoni pia. Kivujacho jikoni si maji bali ni joto. Katika mafiga matatu yaliyo wazi, sehemu kubwa ya joto la kuni hupotea hewani bila kukigusa chungu. Aliyekwenda msituni akarudi na mzigo mgongoni amebeba kuni nyingi za kupasha moto upepo. Pamoja na joto lile hutoka moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo na upishi wa namna hii, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na kati yao walikuwamo watoto zaidi ya 200,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Kikohozi cha mama jikoni tumekizoea hata hatukisikii. Twakiita uzee, au baridi ya kipupwe, au vumbi. Hapa pia twamtafuta mshtakiwa asiye na ulimi.

Dawa zipo, na nyingine ni za bure. Kuni zianikwe wakati wa jua na kuwekwa mahali pasipolowa, maana kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kukausha maji yaliyo ndani yake, na moshi wake ni mzito. Maharage ya githeri yarowekwe usiku kucha, nayo yataiva kwa muda mfupi zaidi. Sufuria ifunikwe. Chakula kilichokwisha kuchemka sana kiingizwe katika kikapu kilichojazwa vitambaa, kikafunikwa vyema. Kitaendelea kuiva bila kuni. Jiko la makaa la bati lenye udongo wa kuchoma ndani yake, ambalo mafundi wa jua kali wamekuwa wakilitengeneza tangu miaka ya 1980, laweza kupunguza makaa kwa theluthi moja hata nusu. Lakini jiko hilo nalo lataka kutunzwa. Udongo wa ndani ukipasuka na kudondoka usirudishiwe mwingine, utabaki na bati tupu lipashalo moto upepo, nawe utasema jiko hili ni baya.

Aliye na umeme asijione salama. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku hutumia uniti 9 kwa siku 30. Balbu ya LED ya wati 9, itoayo mwanga unaokaribia huo, hutumia uniti moja na theluthi hivi kwa muda ule ule. Ukuta uliopakwa chokaa na dirisha lililofutwa vumbi huchelewesha saa ya kuwasha taa, na hilo halihitaji fundi. Usiseme kwamba taa moja si kitu. Mwaka 2000 ukame ulipunguza maji katika mabwawa ya Mto Tana, na nchi ikagawiwa umeme kwa zamu. Leo sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka katika mvuke wa ardhi kule Olkaria, lakini Tana bado inazungusha mitambo yake. Na maji ya Tana hutoka katika misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, ambayo mti wake ukikatwa huishia jikoni kwa mtu. Kwa hiyo sufuria isiyofunikwa, msitu na swichi ya ukutani ni habari moja.

Sasa ni lini kazi hii ifanywe? Hapa kalenda ya shule yenyewe inatusuta. Likizo ya Aprili huja masika yamekwisha kuanza. Anayeingoja ili apande paani amechelewa, na bati lenye maji huteleza. Likizo ya Agosti huja kabla ya vuli. Hiyo ndiyo ya kuzibua mitaro na mifereji na kuanika kuni. Likizo ya Novemba na Disemba hukuta vuli ikinyesha, nayo vuli ni mkaguzi asiyedai ujira: tia alama ya makaa kila mahali panapodondoka. Mvua ikikatika, na kabla shule haijafunguliwa Januari, zitafute alama zile, ubadilishe misumari na mipira, uzibe matundu kwa lami. Katika sehemu za magharibi mvua hazifuati sawasawa utaratibu huu, basi kila mtu aijue kalenda ya kwao. Neno ni moja popote: kazi ya mvua ifanywe juani.

Najua kwamba kazi hii haina sifa. Ajengaye nyumba mpya hufanyiwa karamu, na jina lake hutajwa. Aliyeziba tundu hapongezwi na mtu, kwa kuwa alichokizuia hakikutokea, na jambo lisilotokea halionekani. Lakini nchi haisimami kwa majengo yaliyofunguliwa kwa hotuba tu. Husimama kwa madarasa ambayo paa lake halivuji mwaka wa ishirini, kwa visima ambavyo pampu yake ingali inatoa maji, na kwa majiko yasiyowapofusha mama zetu kwa moshi. Watu wanaojua kujenga wasijue kutunza watajenga kitu kile kile maisha yao yote, nao watadhani wanaendelea mbele.

Kwa hiyo, kijana msomaji, mwachilie huru mshtakiwa. Mvua ilikuja kulima mashamba na kujaza visima, kama ilivyokuja kwa babu zetu, nayo haikumficha mtu majira yake. Ukitaka kumjua mwenye hatia, ngoja siku ya jua kali, mbingu ikiwa haina hata wingu moja, kisha umtafute aliyeketi kivulini chini ya paa lenye tundu. Ukimkuta ni wewe, usijitetee. Inuka ukatafute ngazi.