SHABA INAKWENDA, PICHA ZINAKWENDA: SISI TUNABAKI NA NINI?

Wandugu wafanyakazi wa Kolwezi, wa Likasi na wa Kipushi, nanyi wanainchi wote wa Lubumbashi!

Kila siku mnaona magari makubwa yakipita na shaba na kobalti kwenda Kasumbalesa. Hata mtoto wa shule anajua kusema: mali yetu inakwenda. Lakini kuna mali ingine iliyotoka katika inchi hii bila gari, bila mizani, bila kupita dwane, na hakuna aliyepiga kelele. Leo tunasema juu ya mali ile.

Mwaka wa 1952 Mzungu mmoja, jina lake Hugh Tracey, alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na mashine ya kukamata sauti. Akamkuta kijana Mwenda Jean Bosco anapiga gita. Hapakuwa na orkestra, hapakuwa na umeme: gita moja, vidole viwili na sauti yake. Sahani zake zikasikiwa katika inchi nyingi za Afrika, zikafika Ulaya na Amerika, na mpaka leo kuna wapiga gita kule wanaojifunza kufuata vidole vyake. Mwenda alikufa mwaka wa 1990 kwa ajali ya gari katika inchi ya Zambia. Sasa twende Likasi tuulize: iko wapi nyumba ya watu wote ambamo kijana anaingia, anasikia sauti ya Mwenda, anapewa gita mkononi, anafundishwa? Kazi ya Tracey inatunzwa vizuri sana, wala hatumtukani mwenye kutunza. Lakini inatunzwa Afrika ya Kusini, katika nyumba aliyoianzisha mwaka wa 1954. Kijana wa Likasi anamsikia mkubwa wake katika simu, siku ile tu akiwa na feza ya kulipa mtandao.

Kwa picha ni vilevile. Mwaka wa 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua nyumba ya kuchora huku Elisabethville, ikaitwa Le Hangar. Mle walitoka Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela, yule aliyepaka rangi kwa vidole. Picha zao zilivuka bahari. Nyuma yao alikuja Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa watu wa kawaida, aliyechora juu ya magunia ya unga. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora picha zaidi ya 100 za historia ya Kongo, tangu zamani za wasultani mpaka Lumumba na vita vilivyofuata, akamweleza mwalimu Johannes Fabian kila picha maana yake. Alimweleza kwa Kiswahili, Kiswahili hiki chetu cha kambi na cha soko. Picha zile ziko Amsterdam. Yeye mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, hakuna ajuaye alikwenda wapi. Mtu aliyetuandikia historia yetu kwa rangi amepotea sawa sindano katika majani, na mjukuu wake akitaka kuona kazi ya babu, aombe viza!

Msituelewe vibaya. Hatusemi wale wageni waliiba. Walilipa, na wengine waliipenda kazi ile kuliko sisi. Mtu akinunua kuku wako kwa bei ndogo, usimlaumu yeye peke yake. Wewe ndiwe uliyesema kuku yule si kitu.

Wazee wanakumbuka neno la zamani: kompani ndiyo baba, ndiyo mama. Union Minière ilijenga vyumba vya mikutano na michezo katika kambi. Ilifanya vile kusudi mfanyakazi achoke vizuri, asiwaze mengine, tunajua. Lakini ukumbi ulikuwako. Baada ya mwaka wa 1967, Gécamines ikarithi nyumba pamoja na ubaba. Kisha mgodi wa Kamoto ukaanguka mwaka wa 1990, mishahara ikafuata, na mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakarudishwa nyumbani. Baba alipougua, ngoma nayo ikalala njaa. Sanaa iliyopewa chakula kwa huruma ya kompani inakufa siku huruma inapokwisha.

Na wakubwa wetu wa siasa? Lubumbashi ilikuwa na jumba la tiyatro zuri, lilijengwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya Wazungu. Uhuru ulipofika, tungesema: sasa ingieni, wenye kuigiza kwa Kiswahili! Jumba likageuzwa kuwa nyumba ya wajumbe, likaitwa Jengo la 30 Juin. Maneno yanasemwa mle, hatukatai, na mara ingine mchezo unachekesha. Lakini kundi la Mufwankolo, lililofundisha mji mzima kwa michezo ya redio na televizyo, halikupewa jumba lile.

Mimi mwenyewe nimeona wamama wa ngoma wakisimama juani tangu asubuhi, kumngoja mkubwa mmoja ashuke kwenye ndege. Alishuka saa tisa. Aliwapungia mkono ndani ya gari, kioo kimefungwa. Jioni wakapewa kitambaa chenye sura yake na chupa moja kwa watu wawili. Ndiyo bajeti ya utamaduni tunayoijua!

Mwaka wa 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo zote mbili katika kitabu cha urithi wa dunia. Tulifurahi, tulicheza. Lakini ni nani anayeiandika kalindula, ile banjo kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi inayotikisa vumbi la mitaa yetu? Vijana wa Picha, pamoja na Sammy Baloji, walianza mwaka wa 2008 kuita dunia ije Lubumbashi kutazama kazi ya wachoraji na wapiga picha. Heshima kwao. Hata hivyo wanagonga milango ya Ulaya kutafuta msaada, na wanakaa juu ya shaba. Tena hiyo ni Lubumbashi. Kambove je? Manono je? Bukama je?

Feza iko, wandugu. Sheria ya madini ya mwaka wa 2018 inasema wazi. Katika kila franka 100 za kodi ya madini, 50 ni za serkali kuu, 25 za jimbo, 10 za mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 ni za komini ao inchi ya sultani pale mgodi ulipo. Juu ya hayo, kompani inapaswa kutoa 0.3 kwa 100 ya mauzo yake yote ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Pigeni hesabu: kompani ikiuza kwa dola 1,000,000,000, watu wanapata dola 3,000,000. Tunaomba sehemu moja katika 20. Ni dola 150,000. Kwa feza ile mji mdogo unatengeneza ukumbi wa zamani wa kambi, unanunua gita na mashine ya kukamata sauti, unamlipa mzee mmoja afundishe, na inabaki.

Kuna atakayesema: maji kwanza, barabara kwanza, muziki ni mambo ya kucheza. Tunamheshimu mwenye kiu. Lakini tunauliza: zile 19 zinazobaki zimekwenda wapi, maana maji hatuyaoni pia? Hakuna bomba lililokosa kuchimbwa kwa sababu feza ilinunuliwa gita. Tena anayesema vile, siku ya harusi ya binti yake anatafuta orkestra ya bei kali kutoka Kinshasa.

Basi, wafanyakazi na wanainchi: katika komiti zinazogawa ile 0.3 kuna viti vya watu wetu. Msiwaache wakae kimya. Siku karatasi ya mapatano na kompani inaposomwa, iandikwe ndani: ukumbi mmoja, mwalimu mmoja mwenye mshahara wa kila mwezi, na nakala za sauti za Mwenda na za picha za Tshibumba ziombwe kule ziliko, ziwekwe ukutani Likasi na Kolwezi. Na burgumestri aonyeshe mbele ya watu matumizi ya zile 15, franka kwa franka, kabla hajawaita tena wamama wa ngoma kwenye uwanja wa ndege.