Intaneti isiishie langoni mwa chuo

Na Cherono Langat

Mwanafunzi wa mwaka wa nne anayeandika ripoti yake ya utafiti kwa kidole gumba, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, si kioja huku kwetu kwenye majani chai. Wako wengi. Akimaliza, hulipa mtu wa saiba iliyo nje ya lango amnyooshee pambizo na kumpangia yaliyomo, kisha hulipa tena kwa kila ukurasa unaochapishwa. Msimamizi akirudisha kazi na masahihisho, gharama huanza upya.

Katika saiba hizo, Kericho na Bomet, utakuta foleni, na wengi waliopanga foleni hawakuja kusoma. Wanasajili masomo ya muhula kabla tarehe haijapita. Wanajaza maombi ya mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Tangu 2023, mfumo mpya wa ufadhili ulipoanza, kila anayetaka msaada wa serikali huomba mtandaoni. KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, humpa mwanafunzi nafasi mtandaoni, na matokeo ya mtihani huyatafuta huko huko. Asiye na intaneti leo hawezi hata kuhesabiwa kuwa mwanafunzi, sembuse kusoma.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba chini ya nyumba 1 kati ya 10 nchini ndizo zilizokuwa na kompyuta au kishikwambi. Ukitoa Nairobi na miji mingine mikubwa kwenye hesabu hiyo, utaelewa mtoto wa mchuma majani wa Litein au Mogogosiek anaingia chuoni akiwa na nini mkononi. Kwake, kompyuta ya chuo ndiyo kompyuta pekee. Mzazi wake hungoja bonasi ya mwaka, na mwaka inapokuwa duni, karo yenyewe huwa taabu, licha ya kipakatalishi. Bando la shilingi 50 linalokwisha baada ya saa tatu huenda likaonekana kitu kidogo kwa mwenye mshahara. Kwa mwanafunzi anayekula mara moja kwa siku, hicho ni chakula.

Zamani tuliambiwa kwamba sisi wa bara tuko mbali na waya. Sababu hiyo imepitwa na wakati. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka wa 2009. KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti, umekuwapo tangu 1999, na kazi yake ni kuvifikishia vyuo intaneti kwa bei nafuu. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipewa hati yake mwaka wa 2013, na chuo cha Bomet kikaanzishwa 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Vyote viwili vimekua wakati waya umeshafika nchini.

Hata njia ya angani imejaribiwa. Julai 2020, vyuo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya korona, kampuni ya Loon pamoja na Telkom Kenya zilirusha maputo yaliyoelea takriban kilomita 20 juu yetu kuleta mawimbi ya 4G, na Kericho na Bomet zilikuwa kwenye orodha ya maeneo yaliyolengwa. Januari 2021 Loon ikatangaza kufunga biashara. Maputo yakaondoka, mwanafunzi akabaki na bando lake. Nililichukulia hilo kuwa funzo: tusingoje muujiza wa kampuni ya ng'ambo ilhali waya tayari uko ardhini.

Kinachotukwaza sasa ni mita mia chache za mwisho. Wanafunzi wengi hawalali ndani ya chuo. Wamepanga vyumba vya mabati na vya mawe nje ya lango, wawili au watatu chumba kimoja. Mchana maabara ya kompyuta huwa na vipindi. Jioni, mwanafunzi anapopata nafasi, mlango umefungwa. Naye amekwishalipa, maana ada ya kompyuta na mtandao imo kwenye karo ya vyuo vingi vya umma.

Waganda wametuonyesha njia. Shirika lao la RENU, ndugu wa KENET, lilitoa huduma ya eduroam, yaani Wi-Fi ya vyuo, nje ya kuta za vyuo, ikafika kwenye hosteli na maeneo wanayokaa wanafunzi. Mwanafunzi huingia kwa nywila ile ile ya chuoni. Sioni kwa nini jambo hilo lisifanyike Kabianga na Bomet, ambako hosteli zimebanana hatua chache kutoka langoni na mwenye nyumba angefurahi kuongezewa wapangaji.

Halafu kuna umeme. Huku mvua ya alasiri huja na radi na mawe, na stima hupotea. Kiwanda cha chai hakikubali kisingizio hicho: majani yaliyochumwa leo hayangoji, kwa hivyo jenereta iko tayari. Chumba cha kompyuta chenye mitihani na ripoti za watu nacho kinastahili betri na paneli za sola.

Kwa wakuu wa vyuo hivi, ombi langu ni hili. Fungueni maabara hadi saa sita usiku, mkiweka mlinzi na taa njiani ili wasichana wafike salama. Bandikeni kila muhula idadi ya kompyuta zinazofanya kazi na kiasi cha ada ya mtandao kilichokusanywa. Kaeni na KENET, serikali za kaunti na wenye hosteli mkubaliane waya upite wapi na nani alipe nini. Nanyi wazazi, mnapomleta mtoto kuripoti, msiishie kwenye ofisi ya karo. Ombeni kuonyeshwa maabara ya kompyuta, na muulize inafungwa saa ngapi.