Hicho Chambo ni cha Samaki ama cha Kamera?

Niseme tu mapema ndio mkasirike mapema: wasee wengi wa Nairobi wanaopanda Aberdare na Mlima Kenya kuvua trauti hawachagui chambo cha samaki. Wanachagua chambo cha kamera. Sanduku limejaa visamaki vya plastiki vyenye macho makubwa, vijiko vya chuma vinavyozunguka na kumeta, vitu vya rangi ya waridi vilivyoagizwa ng'ambo na kungojewa wiki kadhaa. Wakifika mtoni wanarusha kila kitu, hawashiki kitu, halafu wanarudi kutuambia mto hauna samaki.

Samaki wako, buda. Ni vile hukuuliza wanakula nini.

Tuanze hapo, kwa tumbo. Trauti hupenda maji baridi yanayokimbia, ndio maana utampata juu kwenye Gura, Chania, Sagana au Thiba, na hutampata Athi River. Anakaa akiangalia mkondo unakotoka, nyuma ya jiwe ama pembeni mwa maji ya kasi, anangoja mto umletee chakula. Na sehemu kubwa ya chakula hicho inapita chini ya maji: wadudu wachanga wanaoishi kwenye mawe, wale wanaojijengea vibanda vya mchanga na vijiti, kaa wadogo, viluwiluwi. Juu ya maji anaokota siafu, panzi na mbawakawa walioanguka kutoka nyasini. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliye na rangi ya waridi.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ya kuchagua chambo haina gharama. Ingia mtoni pole pole, pindua jiwe, angalia kilichoshika upande wa chini. Ona rangi yake na urefu wake. Kisha rudisha jiwe vile lilivyokuwa, kwa sababu hiyo ni nyumba ya watu. Sasa fungua kisanduku chako utafute kitu kinachofanana na ulichoona. Maji yakiwa safi na mepesi, chukua ndogo ya rangi iliyofifia, kahawia ama kijani cha matope. Mvua ikinyesha na mto ukichafuka, chukua kubwa kidogo na nyeusi, ndio samaki aone kivuli chake. Na kumbuka namba za ndoano zinaenda kinyume: namba 14 ni ndogo kuliko namba 8. Ni hayo tu. Hakuna siri ya kununua.

Kitu unachotafuta kwenye hicho kisanduku kinaitwa nzi. Si yule wa chooni. Ni ndoano iliyovishwa uzi, manyoya na nywele za wanyama hadi ifanane na mdudu. Haina uzito, haipigi kelele, na kwa picha haitoki vizuri. Ndio maana wasee wa masanduku hawaipendi. Lakini moja ya nzi maarufu zaidi duniani, Pheasant Tail, ilibuniwa na mlinzi wa mto huko Uingereza, Frank Sawyer, kwa vitu viwili pekee: nyuzi za unyoya wa mkia wa ndege na waya mwembamba wa shaba. Hata uzi hakutumia. Inavua hadi leo.

Sasa ngoja nikuambie kitu kinachoniuma zaidi. Unajua nzi nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya Ulaya na Marekani zinafungwa wapi? Hapa. Kenya imefunga nzi za kuuza nje tangu enzi za ukoloni, na mpaka leo kuna mafundi, wengi wao wanawake, wanaokaa mezani na ndoano imebanwa mbele yao, wakizungusha uzi siku nzima, kazi ya kuhesabiwa kwa vipande. Kuna hata nzi inayojulikana kwa jina la nchi yetu, Kenya Bug. Mzungu akishika samaki huko kwao na nzi iliyofungwa na mathe wa hapa, atasifu fimbo yake, atasifu mto wake, atasifu mkono wake. Na wewe, uliye safari ya matatu moja kutoka kwa huyo mathe, unaagiza plastiki ivuke bahari ije kukudanganya. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hapa mcheza kwao hata hajulikani.

Najua kuna kundi lingine linaloguna hapo nyuma: "Hizo nzi ni mambo ya wazungu. Sisi tunatumia minyoo, sheria zenu ni za mkoloni." Hawa nawaheshimu zaidi ya wasee wa masanduku, kwa sababu hoja yao iko na mizizi. Ni kweli trauti si samaki wa hapa. Mlowezi Ewart Grogan ndiye aliyeleta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, akamwaga kizazi hicho Gura mnamo 1905. Walowezi walitaka mchezo wa kwao, wakaugeuza mto wa watu kuwa uwanja wao. Na ni kweli hata leo kijana wa kijijini mwenye kijiti na mnyoo atafukuzwa haraka kuliko mtalii mwenye fimbo ya maelfu. Hilo ni kosa na lirekebishwe. Leseni iwe ya bei ambayo mtoto anayeishi kando ya mto anaweza kulipa.

Lakini mnyoo wenyewe siutetei. Trauti akikutana na nzi bandia, hushtuka haraka kwamba hii si nyama, hivyo ndoano humshika mdomoni. Akikutana na mnyoo, hummeza. Ndoano inaenda hadi kooni ama tumboni. Ukivuta nje samaki wa urefu wa kidole chako, hata ukimrudisha, mara nyingi umerudisha maiti inayoogelea. Huyo ndiye angekuwa samaki wa mwaka ujao, wa huyo huyo kijana wa kijijini unayesema unamtetea. Ndio maana mito mingi ya trauti inakubali nzi bandia pekee. Soma leseni yako. Sheria inaweza kuwa ilianza kwa watu wabaya na bado ikawa inalinda kitu kizuri.

Kama unavua kwenye bwawa la kufuga, umelipia kwa kilo na kila unachoshika kinaenda kikaangoni, tumia mnyoo, tumia ugali, tumia chochote mwenye bwawa anakubali. Hapo hakuna wa kumrudisha. Mtoni ni mambo mengine.

Na vile vijiko vinavyozunguka? Vingi vinakuja na ndoano yenye ncha tatu. Samaki mdogo akishikwa na ncha tatu, moja iko mdomoni, ya pili kwenye shavu, ya tatu karibu na jicho. Unasimama hapo dakika mbili ukimfungua, amekauka mkononi, na rafiki yako anasema "shikilia hivyo, bado napiga." Huo si uvuvi, manze.

Sasa najua mtasema nimegeuka mwalimu. Sawa, basi chukueni kazi ya nyumbani. Kabla ya safari ijayo, acha sanduku kabatini. Nunua nzi sita zilizofungwa hapa nchini, na ukinunua uliza ni nani amefunga. Mbili ndogo za kahawia, mbili nyeusi za maji machafu, mbili za kuelea juu zinazofanana na siafu ama panzi. Chukua koleo, bana ule mwiba mdogo wa ndani ya ndoano mpaka ulale, ndio samaki atoke bila kuchanika. Lowesha mkono kabla ya kumshika. Uzi ukikatika usiuache kwenye matawi, ndege wataukuta. Kama unataka kupika, chukua unaoweza kula leo jioni, wengine waende.

Na kama una mikono na muda, jifunze kufunga mwenyewe. Unyoya wa jogoo uko kila mahali pa kuchinjia kuku, uzi uko kwa fundi wa nguo, na ndoano ndio kitu pekee cha maana utakachonunua. Tuko na vijana wanaosuka nywele laini kama hewa na kushona shanga usiku kucha, halafu tunaambiwa ujuzi huu ni wa watu wa nje. Ujuzi umekuwa hapa miaka yote hiyo. Kilichokosekana ni sisi kuushika na kuupeleka mtoni wenyewe, badala ya kuufunga kwenye boksi na kuupeleka uwanja wa ndege.

Wasee wa masanduku, najua mnakuja na matusi. Karibuni. Ila kila mmoja aniambie kwanza: mara ya mwisho kupindua jiwe ilikuwa lini?