Kaske inabakia ku mlango wa mine

Siku ya posho na siku ya yenga, ku njia ya Likasi, tunaona bantu ba pikipiki kubwa banapita kutembea: kaske ya kufunika kichwa chote, koti ya ngozi, viatu vya nguvu. Milima ya kule ni mizuri kweli, hatuwasemi vibaya. Njia ni ya wote.

Sisi tunaipita kisha kazi ya usiku, batatu juu ya pikipiki moja, katikati ya makamyo ya mukuba, kichwa wazi. Ndani ya mine, ukikosa kaske shefu anakurudisha nyumba. Ukisha kutoka ku mlango, kichwa kinakuwa chako peke yako!

Lakini sheria 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 inasema: ajali ya njiani, kati ya nyumba na kazi, inahesabiwa ajali ya kazi, kama mutu hakupindia kwengine kwa mambo yake. Basi kampuni zitoe bisi kwa ekipi ya usiku, ao kaske ya pikipiki pamoja na ile ya mine. Na ninyi bamama, bwana akianguka njiani, mupashe delege habari siku ileile. Musikubali wawaambie alikuwa amekwisha kutoka kazini.