Usimsingizie shetani

Kanisani tuna mafundi wengi, kuanzia viwanda vya sukari vya Awendo na Ndhiwa hadi pampu za maji huko Homa Bay. Leo naongea na nyinyi.

Laini ikishafungwa na kumwagwa, geji ikasoma sifuri, wengi hurukia bolti. Ngoja kwanza! Valvu ya tufe iliyofungwa hubana maji au mvuke tumboni mwake, kuzunguka lile tufe. Geji haioni hapo. Izungushe hadi nusu, presha itoke, ndipo ulegeze bolti polepole ukiwa umesimama kando.

Ndugu akiungua uso, sisi tunakesha tukikemea roho ya ajali. Mimi naona tunakosea. Ile hatua hakuiruka shetani. (Na msimamizi anayekuharakisha, naye asome hapa.)

Ukifungua, pitisha kidole juu ya tufe: mkwaruzo mdogo tu utakula pete mpya za tefloni. Wakati wa kurudisha, kaza bolti kwa kukingamana, kisha ujaribu kwa presha kabla ya kusema "tayari".

Nani yuko zamu ya usiku leo? Andika hapa chini tukuombee.