Nduthi ya Kitambo Haitaki Taa, Inataka Beringi

Wasee, leo naongea na nyinyi mnaosaka nduthi mzee ya safari, ile ya kutoka Nairobi hadi Marsabit, halafu uache lami uingie Chalbi. Naona venye watu wanajenga hizi mashine mtandaoni, na kuna kitu lazima kisemwe. Mtu ananunua pikipiki ya miaka 20, na wiki ya kwanza tayari ameweka taa nne mbele, masanduku ya chuma nyuma na stika kila mahali. Beringi za usukani zimekwisha, nyororo imelegea kama kamba ya nguo, lakini picha ni moto.

Msimamo wangu ni huu: shilingi ya kwanza iende mahali kamera haifiki.

Chukua mfano wa Kawasaki KLR650 ya kizazi cha kwanza. Ilitoka 1987 na ikauzwa bila kubadilika sana mpaka 2007. Silinda moja, cc 651, tangi la lita 23 hivi, gurudumu la mbele inchi 21. Ni mashine ngumu kabisa, lakini ina udhaifu wake, na wenye kuiendesha dunia nzima wanaujua. Ndani ya injini kuna mkono mdogo wa chuma unaokaza cheni ya balansa, ile kazi yake ni kupunguza mtetemo. Waendeshaji wameubatiza doohickey. Springi yake hukatika, na wakati mwingine mkono wenyewe huvunjika. Vipande vya chuma vikianza kutembea huko ndani, umebaki na chuma chakavu. Dawa ni kuweka mkono imara zaidi na springi inayovuta sawasawa. Ukishafunga injini, hakuna mtu ataona hiyo kazi. Hutapata hata laiki moja. Lakini hiyo ndiyo inakurudisha nyumbani.

Tena kuna rejeta. Kwa KLR ya zamani iko upande wa kushoto. Sasa jiulize: ukianguka kushoto kwenye yale mawe meusi ya kuelekea Loiyangalani, nini kinagonga kwanza? Kinga ya rejeta na bamba la chuma chini ya injini vinakuja kabla ya taa. Na si lazima uagize ng'ambo. Fundi mzuri wa kuchomelea pale juakali anaweza kukutengenezea bamba, bora umwachie nafasi ya kufungua bolti ya oili bila kung'oa kila kitu.

Halafu hayo masanduku. Fremu ya nyuma ya KLR imeshikwa kwa bolti, na zile za juu zinajulikana kukatika ukipakia mzigo mzito halafu upige matuta. Kwa hivyo kabla hujafunga masanduku, weka bolti zenye nguvu zaidi. Na kabla ya bolti, jiulize kama unahitaji masanduku. KLR ikijaa mafuta ni zaidi ya kilo 180. Ikilala kwa mchanga na jua la saa saba, ni wewe utaiinua. Kila kilo unayoongeza utaiinua tena na tena siku hiyo. Begi laini la turubai linabeba nguo zilezile, na ukianguka haliwezi kukuvunja mguu kama sanduku la chuma.

Springi za mbele nazo ni laini. Ukishika breki, pua yote inainama. Springi ngumu kidogo zinazolingana na uzito wako zitakufanya uendeshe vizuri kuliko ekzosi ya kelele. Hapa nitakosana na watu, lakini wacha niseme: kelele si nguvu. Kule Maikona au Kalacha, hiyo ekzosi inaamsha watoto na kufukuza mbuzi tu.

Kuna na kazi za bei rahisi ambazo watu wanazidharau. Filta ya hewa ya sponji ioshwe, ikauke kabisa, ipakwe oili yake. Vumbi la Chalbi ni laini kama unga, na filta kavu inalipitisha moja kwa moja hadi kwa pistoni. Beringi za magurudumu na zile za nyuma zinazoshika springi zifunguliwe, zisafishwe, zipakwe grisi. Oili iangaliwe kila asubuhi, juu KLR inajulikana kula oili ukiikimbiza muda mrefu barabara kuu. Na beba tyubu ya inchi 21. Boda nyingi hazitumii saizi hiyo, kwa hivyo duka la kijijini usitarajie kuipata. Ukibanwa kabisa, tyubu ya 21 unaweza kuiingiza hata kwa gurudumu la nyuma ikufikishe mjini.

Najua mtu ataniuliza, si afadhali ununue mpya? Kama una doo, nunua, hakuna ubaya. Lakini nduthi ya kitambo ina kitu kimoja ambacho hapa Kenya ni dhahabu: kabureta. Boda zimefunza nchi nzima kazi hiyo. Karibu kila kituo utapata kijana anayejua kuifungua, kupuliza jeti na kuirudisha, bila kompyuta. Hiyo ndiyo faida ya mashine ya zamani. Lakini ukijaza nyaya za taa na vifaa ambavyo wewe mwenyewe huelewi vimeungwaje, umeitupa faida hiyo. Fundi wa North Horr atafungua kabureta yako vizuri, lakini asijue waya gani unaua betri.

Mbona nakazana hivi? Kwa sababu Chalbi si Ngong Road. Kuna sehemu hakuna mtandao, hakuna kivuli, na gari linalofuata linaweza kupita kesho. Injini ikifa huko, si wewe peke yako unayelipa. Wenzako wanagawa maji yao. Mwenye lori anapangua mzigo wake kukutafutia nafasi. Familia ya wafugaji inakupa chai na mahali pa kulala, na wao wenyewe maji wanayafuata mbali. Watu wa kule ni wakarimu, lakini ukarimu wao haufai kuwa ndio mpango wako wa dharura.

Kwa hivyo kama umepata nduthi yako mzee, hongera. Mwezi wa kwanza usinunue kitu cha kufunga nje. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani polepole, sikiliza kama unakwama. Shika gurudumu la nyuma, litikise. Fungua filta uone rangi yake. Andika yote unayopata kwenye karatasi, uipeleke kwa fundi, na usimame hapo akifanya kazi ili ujifunze. Hiyo karatasi ikiisha, sasa njoo tuongee mambo ya taa.