Jeevanjee: Gazeti Aliliuza, Bustani Ikabaki

Wengi wanaopumzika katika bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji la Nairobi, hawajui kwamba mwenye jina lile ndiye aliyeanzisha gazeti tunaloliita leo The Standard. Na wachache zaidi wanajua kwamba gazeti hilo lilizaliwa hapa kwetu Mombasa.

Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohora aliyezaliwa Karachi mwaka 1856, alitajirika kwa kuleta vibarua na vyakula wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda. Mwanzoni mwa karne ya 20 akaanzisha African Standard, likitoka mara moja kwa wiki. Mwaka 1905 akaliuza kwa Waingereza wawili. Mwaka 1910 likahamia Nairobi, likawa sauti ya masetla, wale wale waliopinga Wahindi kumiliki ardhi katika nyanda za juu. Jeevanjee, mtu wa kwanza asiye Mzungu kuingia Baraza la Kutunga Sheria, akawa anadai haki za watu wake huku gazeti aliloliasisi liko upande wa pili.

Bustani ni kisa kingine. Aliwapa wakazi wa Nairobi mwaka 1906. Mwaka 1991 ulipozuka mpango wa kujenga maegesho ya magari pale, mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani na mpango ukafa. Hadi leo watu hukaa pale wakajadili siasa bila kulipa hata ndururu.

Mimi naona funzo letu Wapwani liko hapa. Mali ikiuzwa humfuata mnunuzi. Iliyotolewa kwa umma hubaki na watu, mradi wapatikane wa kuilinda.

Leo habari ya Lamu, Kwale au Kilifi hupimwa uzito na wahariri walioko Kimathi Street au Kilimani. Siwalaumu, chombo ni chao. Lakini matajiri tunao. Wanajenga misikiti na kuchimba visima, Mwenyezi Mungu awalipe. Je, hawezi mmoja wao kuweka wakfu nyumba ya kupangisha, kodi yake iwalipe waandishi wa habari wa Pwani? Iwe na hati na wadhamini waaminifu, maana hata bustani ya Jeevanjee ilihitaji mtu wa kuisimamia.

Kisima hukata kiu. Na mwenye kudhulumiwa shamba lake naye ahitaji pa kusemea.